Joto, Mkazo na Mwanga: Kutoka Spineli ya Mahenge hadi Nukta za Kwantamu



Anayetoka kwetu Lipangalala kwenda Mahenge huvuka daraja la mto Kilombero, huacha nyuma mashamba ya mpunga, kisha hupanda milima ya Ulanga. Huko juu, katika kijiji cha Ipanko, mwaka 2007 yalichimbwa mawe ya spineli yaliyoufanya ulimwengu wa vito ulijue jina la Mahenge. Mawe yale yalikuwa makubwa kupita kawaida, na moja lilikuwa na uzito wa kilo 52 hivi. Sifa zake, hata hivyo, hazikutokana na ukubwa tu. Wauzaji wa vito kutoka Bangkok hadi Geneva waliyasifu kwa wekundu wake wa waridi, wakisema yanawaka kana kwamba yana moto ndani.

Wengi huichukulia kauli hiyo kuwa maneno ya biashara. Kumbe ina ukweli wa kifizikia. Spineli nyekundu ya Mahenge hupokea mwanga wa kijani na wa bluu, kisha yenyewe hutoa mwanga mwekundu. Zaidi ya hayo, jiwe hilo likichomwa kwenye tanuri mwanga wake hubadilika, hata kama kwa macho rangi inaonekana ile ile. Maabara ya vito inaweza kuupima mwanga huo na kusema kama jiwe limepita motoni baada ya kutoka mgodini au la.

Swali la jiwe hili ni ndugu wa swali wanalojiuliza wanasayansi wanaotengeneza chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwantamu, zilizowapa watafiti watatu Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Kwa nini kitu kile kile, kikitengenezwa kwa joto tofauti, hutoa mwanga tofauti? Katika makala hii tutalijibu hatua kwa hatua, kisha tutaona linavyomgusa mwanafalsafa darasani na mchimbaji mdogo sokoni.

Mwanga unatoka wapi?

Ndani ya kila kitu kuna elektroni. Elektroni hazikai popote zinapotaka; zina ngazi zake za nishati, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba: anaweza kusimama kwenye daraja la kwanza au la pili, lakini hawezi kusimama hewani katikati. Mwanga ukiipiga elektroni, unaweza kuipandisha daraja. Ikishuka, nishati iliyokuwa nayo hutoka, na mara nyingi hutoka ikiwa punje moja ya mwanga, yaani fotoni.

Umbali kati ya daraja na daraja tutauita pengo. Pengo kubwa hutoa mwanga wa bluu, pengo dogo hutoa mwekundu, na pengo dogo zaidi hutoa mwanga usioonekana kwa macho uitwao infraredi. Wanafizikia hupima mwanga kwa urefu wa wimbi, na kipimo chao ni nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho la binadamu huona kuanzia nanomita 400 hivi, ambazo ni zambarau, hadi 700 hivi, ambazo ni nyekundu iliyokolea.

Je, nini huamua ukubwa wa pengo? Tuchukue mfano wa ngoma. Sauti ya ngoma hutegemea mambo matatu: aina ya ngozi, ukubwa wa mzinga, na jinsi ngozi ilivyokazwa. Kila mpiga ngoma wa kwaya anajua kwamba wakati wa masika ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na sauti hushuka. Basi huisogeza ngoma karibu na moto. Ngozi hukauka, hukaza, na sauti hupanda. Joto limebadilisha mkazo, na mkazo umebadilisha sauti.

Vivyo hivyo mwanga wa kitu kigumu hutegemea kimetengenezwa na nini, kina ukubwa gani, na atomu zake zimebanwa au kuvutwa kiasi gani. Hilo la tatu ndilo tunaloliita mkazo. Joto ambalo kitu kilitengenezewa huacha alama yake katika yote matatu. Mfano wa ngoma una mipaka yake, kwa maana atomu si ngozi, lakini utatusaidia kushika uzi wa maelezo.

Viti vya atomu ndani ya spineli

Kikemia, spineli ni oksidi ya magnesiamu na aluminiamu. Kwa kila atomu moja ya magnesiamu kuna mbili za aluminiamu na nne za oksijeni, nazo zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Mpangilio wa namna hiyo huitwa fuwele. Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, na vito karibu vyote ni fuwele.

Ndani ya fuwele ya spineli kuna viti vya aina mbili. Kimoja kimezungukwa na oksijeni nne, na kwa kawaida hukaliwa na magnesiamu. Kingine kimezungukwa na oksijeni sita, nacho ni cha aluminiamu. Hapo ndipo anapoingia mgeni aitwaye kromiamu. Atomu zake ni chache mno, na hukaa kwenye baadhi ya viti vya aluminiamu. Ni kromiamu hii chache inayolipa jiwe wekundu wake, na ndiyo inayotoa ule mwanga wa ndani.

Spineli za Mahenge zilizaliwa ndani ya marumaru, mwamba ambao asili yake ni chokaa iliyozama chini sana ya ardhi, ikapikwa na kubanwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye miamba hiyo ilipoa polepole mno, kwa kipindi ambacho hakuna tanuri la binadamu linaloweza kukiiga. Kwa kuwa ilipoa polepole, atomu nyingi zilipata nafasi ya kurudi kila moja kwenye kiti chake. Kwa hiyo atomu za kromiamu zina majirani wanaofanana, mapengo yao yanafanana, na mwanga wao hutoka katika mistari myembamba iliyo wazi. Ule mkuu uko karibu na nanomita 685. Ni kama kwaya ambayo waimbaji wake wote wameshika noti moja.

Sasa mtu akilitia jiwe hili kwenye tanuri, utaratibu huo huvurugika. Kuanzia nyuzi joto 750 hivi za Selsiasi, atomu hupata nguvu ya kuhama. Baadhi ya magnesiamu huingia kwenye viti vya aluminiamu, na baadhi ya aluminiamu huenda kwenye viti vya magnesiamu. Jiwe likipozwa kwa saa chache tu, atomu hunaswa zikiwa kwenye viti vya wenzake, kama abiria ambao basi limeondoka kabla hawajapata nafasi zao. Majirani wa kromiamu hawafanani tena: huyu amebanwa kidogo, yule amelegezwa kidogo. Kila kromiamu sasa ina pengo lake, lililopishana kidogo na la mwenzake. Mstari wa mwanga uliokuwa mwembamba unapanuka na kusogea kidogo upande wa mawimbi marefu. Kwaya bado inaimba wimbo ule ule, lakini noti zimetawanyika.

Spineli zinazotengenezwa viwandani kwa kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto huonyesha dalili hiyo hiyo, kwa sababu nazo hupoa upesi. Mpimaji wa maabara hulimulika jiwe kwa leza ya kijani na kuangalia mwanga mwekundu unaorudi. Mstari mwembamba humwambia kwamba jiwe ni la asili na halijachomwa. Mstari mpana humwambia kwamba limechomwa au limetengenezwa, naye hutafuta dalili nyingine za kutofautisha hayo mawili. Jiwe lenyewe halijakatwa wala kukwaruzwa. Limeulizwa kwa mwanga, na limejibu kwa mwanga.

Ukubwa nao hubadilisha rangi

Tumeona jinsi joto linavyovuruga mpangilio. Sasa tuangalie ukubwa, na hapo ndipo nukta za kwantamu zinapoingia.

Kwa kawaida, ukilivunja jiwe vipande viwili, kila kipande hubaki na rangi ile ile. Lakini ukiendelea kuvunja hadi ufikie chembe yenye nanomita chache tu, yaani chembe ambayo maelfu kadhaa yake yakipangwa mstari ndipo yanatosha upana wa unywele mmoja, jambo jipya hutokea. Elektroni iliyozoea uwanja mpana sasa imefungiwa katika chumba kidogo. Kanuni za fizikia ya kwantamu zinasema kwamba kadiri chumba kinavyokuwa kidogo, ndivyo madaraja ya nishati yanavyoachana. Ukipunguza upana wa chumba kwa nusu, nishati inayotokana na kufungiwa huongezeka takriban mara nne. Ndiyo maana ngoma ndogo hulia sauti ya juu na ngoma kubwa sauti nzito. Chembe za kadimiamu selenaidi zenye nanomita 2 hivi hung'aa bluu, na zenye nanomita 6 hivi hung'aa nyekundu. Maada ni moja. Ukubwa ndio uliotofautiana.

Wa kwanza kuliona jambo hili wazi alikuwa Aleksei Yekimov, aliyekuwa akifanya kazi katika Umoja wa Kisovyeti. Alitengeneza vioo vyenye kloridi ya shaba na kuvipasha joto la kati ya nyuzi 500 na 700, vingine kwa saa 1 tu na vingine hadi saa 96. Joto na muda vilipoongezeka, fuwele ndogo za kloridi ya shaba ndani ya kioo zilikua. Alipovichunguza, akaona kwamba vioo vyenye fuwele ndogo zaidi vilifyonza mwanga ulioelekea zaidi upande wa bluu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1981. Miaka miwili baadaye Louis Brus, nchini Marekani, aliona jambo hilo hilo katika chembe zinazoelea ndani ya kimiminika.

Tatizo lililobaki lilikuwa la utengenezaji. Chembe zilitoka na ukubwa uliochanganyika, hivyo rangi zake hazikuwa safi. Mwaka 1993 Moungi Bawendi, mwenye asili ya Tunisia, pamoja na wenzake huko Massachusetts, walipata njia. Walimimina malighafi kwa mpigo mmoja ndani ya kimiminika chenye joto la nyuzi 300 hivi. Chembe nyingi zilizaliwa papo hapo kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mmimino ule ulishusha joto, uzazi wa chembe mpya ulikoma. Baadaye walipandisha joto tena, taratibu, na zile zilizozaliwa pamoja zikakua pamoja. Wangeweza kusimamisha kazi wakati wowote na kupata ukubwa, na hivyo rangi, waliyoitaka. Kwa njia hiyo joto likawa usukani wa rangi. Leo chembe za aina hii zimo ndani ya baadhi ya runinga.

Mistari ya mpunga isiyolingana

Kuna nukta za aina nyingine ambazo hazikuzwi ndani ya kimiminika bali juu ya bamba la fuwele, na humo ndimo suala la mkazo linapoonekana wazi zaidi. Hutengenezwa kwa semikondakta, yaani vitu ambavyo havipitishi umeme kwa urahisi kama shaba, wala haviuzuii kabisa kama ubao. Mfano unaotumika sana ni indiamu asenaidi inayokuzwa juu ya galiamu asenaidi.

Kazi hufanyika ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Bamba la galiamu asenaidi hupashwa joto, kisha atomu za indiamu na aseniki humwagwa juu yake kama manyunyu, tabaka baada ya tabaka. Shida ni kwamba vitu hivi viwili havina nafasi sawa kati ya atomu na atomu. Kipimo cha msingi cha galiamu asenaidi ni nanomita 0.565, na cha indiamu asenaidi ni 0.606. Tofauti ni asilimia 7 hivi.

Mkulima wa Kilombero anayepandikiza mpunga kwa mistari ataelewa upesi. Tuseme jaruba moja limepandwa kwa nafasi ya sentimita 25, na mtu anakuja na kamba yenye mafundo ya karibu sentimita 27, akitaka kuunganisha mistari yake na ile iliyopo. Mche wa kwanza utalingana, wa pili utapishana kidogo, na wa tatu zaidi. Akilazimisha kila mche wake uangukie mkabala na mche wa jirani, itambidi abane kamba yake mwanzo hadi mwisho.

Ndivyo zinavyofanya atomu za indiamu asenaidi. Tabaka la kwanza hukubali kubanwa ili lilingane na bamba lililo chini. Lakini kubanwa kuna gharama ya nishati, na gharama huongezeka kadiri tabaka linavyonenepa. Kabla hata tabaka la pili halijakamilika, atomu hukataa kuendelea kutandazika. Hujikusanya na kupanda juu kama vichuguu, kwa sababu kwenye kilele cha kichuguu zina nafasi ya kujitanua na kupunguza mkazo. Kila kichuguu kina upana wa nanomita 20 hivi na kimo cha nanomita chache. Hicho ndicho nukta ya kwantamu. Hakuna mkono uliokichonga. Mkazo wenyewe ndio uliokijenga.

Mkazo huo pia huingia katika mwanga. Indiamu asenaidi ikiwa donge kubwa na huru hutoa infraredi ya kati, karibu na nanomita 3,500. Ikiwa nukta iliyobanwa ndani ya galiamu asenaidi, hutoa mwanga wa kati ya nanomita 900 na 1,300 hivi, kwa sababu udogo wake na kubanwa kwake kwa pamoja vimepanua pengo. Mwanga wa karibu nanomita 1,300 ni miongoni mwa ule unaosafirisha taarifa katika nyaya za mkongo wa mawasiliano.

Tusidhani lakini kwamba kubana hupanua pengo la kila kitu. Rubi, ambayo nayo huchimbwa Mahenge, hutoa mwanga wake mkuu mwekundu karibu na nanomita 694. Ukiibana kwa shinikizo la takriban mara 10,000 ya shinikizo la hewa, mstari huo husogea kwa nanomita 0.36 hivi, tena kuelekea mawimbi marefu, maana yake pengo limepungua. Wanasayansi wanaochunguza shinikizo kubwa hutia punje ya rubi ndani ya vyombo vyao na kusoma shinikizo kwa kuangalia mwanga wake. Kila maada ina sheria yake, na haitoshi kukisia.

Joto linalofaa

Tukifika hapa swali letu la mwanzo linajibika. Mtengenezaji wa nukta hizi achague joto gani?

Joto likiwa la chini mno, atomu zinazoanguka kwenye bamba hazina nguvu ya kutembea. Hukwama karibu na zilipoangukia. Matokeo yake ni nukta nyingi, ndogo, zenye ukubwa usiolingana. Mwanga wake hutawanyika katika mawimbi mengi, na fuwele hubaki na kasoro zinazomeza nishati ya elektroni bila kutoa mwanga wowote.

Joto likipanda, atomu hutembea mbali zaidi kabla ya kutulia. Nukta huwa chache, kubwa na zenye kulingana zaidi. Kwa kuwa ni kubwa, pengo hupungua na mwanga husogea upande wa mawimbi marefu. Lakini joto hilo hilo lina kazi ya pili. Atomu za galiamu kutoka kwenye bamba hupanda na kuchanganyika na indiamu ndani ya nukta. Mchanganyiko huo hupunguza ile tofauti ya asilimia 7, hivyo mkazo hushuka; na kwa kuwa galiamu asenaidi ina pengo kubwa, pengo la nukta huongezeka na mwanga husogea kinyume, upande wa mawimbi mafupi. Kwa hiyo nguvu mbili zinavutana ndani ya nukta moja. Joto likizidi zaidi, indiamu yenyewe huanza kuvukizwa kutoka kwenye bamba.

Ndiyo sababu watengenezaji wengi hufanya kazi kati ya nyuzi 450 na 530 hivi, na badiliko la nyuzi chache huonekana katika mwanga. Hata baada ya nukta kukamilika, ukizipasha joto tena kwa nyuzi 700 au zaidi kwa muda mfupi, galiamu huzidi kuingia, na rangi husogea tena.

Wachoma matofali wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika tanuri moja, tofali la pembeni hubaki bichi, la karibu na mdomo wa moto huungua na kupinda, na la katikati ndilo linalogongwa likalia vizuri. Udongo ni mmoja na moto ni mmoja. Kilichotofautiana ni kiasi cha joto kililolifikia kila tofali, na sauti yake hukuambia lilikaa wapi.

Alberto Mkuu na swali la maada

Kwa sisi tunaosoma falsafa, jambo hili linagusa somo la zamani. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliandika kitabu kizima kuhusu madini katika karne ya 13. Hakutosheka na masimulizi. Alikwenda mwenyewe kuona migodi, na alitaka sababu za mambo zitafutwe. Mwaka 1941 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa wanaosoma sayansi za maumbile.

Alberto na Thoma, wakimfuata Aristotle, walifundisha kwamba kitu hakielezeki kwa kutaja maada yake peke yake. Lazima useme pia umbo, yaani utaratibu unaoifanya maada hiyo iwe kitu hiki na si kingine. Thoma alifundisha pia kwamba sifa kama rangi hukaa katika kitu kwa kupitia kiasi chake. Hatusemi kwamba nukta za kwantamu zinathibitisha mafundisho hayo. Fizikia ya leo haizungumzi lugha ya karne ya 13, na kulazimisha ushahidi si heshima kwa Thoma wala kwa fizikia. Tunachosema ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: anayesema kwamba ukishajua kitu kimeundwa na atomu gani umemaliza kukijua, jiwe la Ipanko linamkanusha. Lililochomwa na lisilochomwa yana atomu zile zile, kwa hesabu ile ile. Yanatofautiana kwa mpangilio, na tofauti hiyo ni halisi kiasi cha kupimika kwa mwanga.

Tena mpangilio huo ni historia. Jiwe limehifadhi kumbukumbu ya kila kilicholipata: mamilioni ya miaka ya kupoa mlimani, au saa chache za tanuri. Asiyejua kuuliza atadhani limesahau.

Haki sokoni

Hapa ndipo jambo linapomfikia mchimbaji mdogo na mnunuzi wake.

Kuchoma jiwe si kosa kwa asili yake. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, kwa sehemu kubwa hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, na hupashwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi ili bluu yake itokee. Atomu za vanadiamu ndani yake hubadili hali, na rangi hubadilika. Biashara nzima ya vito inajua hivyo, bei imepangwa kwa kujua hivyo, na hakuna anayedanganywa.

Spineli ni tofauti. Heshima yake sokoni inatokana kwa sehemu na sifa ya kuuzwa jinsi ilivyotoka mlimani. Wapo wanaoichoma wakitumaini kuondoa ukungu ndani yake. Faida mara nyingi ni ndogo, na hatari ipo: ikiwa kuna punje ya madini mengine ndani ya jiwe, hiyo hutanuka kwa kiasi kisicholingana na jiwe lenyewe, na mkazo huo unaweza kufungua ufa kuizunguka. Mchimbaji aliyekaa miezi shimoni anaweza kupoteza kwa moto wa jioni moja kile alichokipata kwa jasho la msimu mzima. Atomu zikishahama viti, moto wa kawaida hauwezi kuzirudisha kama mlima ulivyozipanga.

Kwa hiyo shauri letu kwa wenzetu wa Ulanga na Kilombero ni jepesi. Usichome spineli kwa kusikia tu kwamba fulani alichoma akapata. Kama umechoma, sema. Kama wewe ni mnunuzi na unajua kwamba jiwe halijachomwa, usimpe mchimbaji bei ya lililochomwa kwa sababu tu yeye hana chombo cha kupimia. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yaliwekwa ili biashara ifanyike hadharani. Uwazi wa bei hautoshi pasipo uwazi kuhusu jiwe lenyewe. Amri ya saba inakataza kuiba, na ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Anayelificha jiwe lililochomwa huzivunja zote mbili kwa mkono mmoja, na anayemnyonya mchimbaji asiyejua hana tofauti naye.

Kwa vijana wetu walio shuleni tunaongeza neno. Kilombero ina watoto wengi wanaokariri kwamba mwanga una mawimbi na atomu zina elektroni, wakiamini kwamba mambo hayo yanakaa katika maabara za mbali. Yanakaa pia katika mawe yanayochimbwa ng'ambo ya mto wetu. Anayetaka kuyafuata ana njia: fizikia na kemia sekondari, jiolojia chuo kikuu, au mafunzo ya vito katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha. Siku ambayo mtoto wa Ipanko au wa Lipangalala atalimulika jiwe mwenyewe, akausoma mstari wake wa mwanga na kumwambia mchimbaji ukweli wa mali yake kabla hajakutana na mnunuzi, hatutahitaji tena kuhubiri sana kuhusu bei ya haki. Ataijua mwenyewe, na ataidai.